Zoo City: Mpelelezi Anayeishi kwa Uongo

Kazi ya kwanza ya Zinzi December ni kutafuta pete ya bibi kizee iliyotumbukia mtaroni. Anaipata. Anaporudi kudai ujira wake, anawakuta polisi wamemtangulia: bibi ameuawa, na mshukiwa wa karibu ni huyu mwanamke aliyewahi kufungwa, anayebeba hatia ya kifo cha kaka yake. Lauren Beukes amekwisha kuwabadilishia watu viti. Mpelelezi wetu ndiye anayehojiwa, na wenye vitambulisho vya serikali hawana wanachokiona.

Riwaya hii ilitoka mwaka 2010, na mwaka 2011 ikashinda Tuzo ya Arthur C. Clarke, tuzo ya bunilizi za kisayansi. Nadhani tuzo hiyo iliwafanya wengi waisome kombo. Ni kweli kwamba katika Johannesburg ya Beukes mtu mwenye damu ya mwenzake mikononi hupewa mnyama wa kuandamana naye maisha yote, na mnyama huyo akifa, giza humjia mwenyewe. Zinzi ana Sloth, yule mnyama mzito wa misitu ya Amerika ya Kusini, ambaye Zinzi humbeba mgongoni katika ngazi za maghorofa chakavu ya Hillbrow. Lakini ukiyaweka maajabu hayo kando, mifupa iliyobaki ni ya riwaya ya upelelezi ya kizamani kabisa: tajiri aliyejificha, msichana aliyepotea, mpelelezi mwenye deni.

Pamoja na mnyama huja karama. Ya Zinzi ni kuona nyuzi zinazomfunga kila mtu na vitu alivyovipoteza. Kifani, hapo pana hatari. Ukimpa mpelelezi jicho la mganga, taharuki yote inaweza kumwagika. Beukes anaiziba hatari hiyo kwa kuiwekea karama mpaka: nyuzi humwonyesha Zinzi kitu kilipo, hazimwambii kwa nini kilipotea wala nani anafaidika kikipatikana. Ndiyo maana Zinzi hapendi kutafuta watu. Anapokubali, kwa ajili ya fedha, kumtafuta Songweza, mwimbaji wa kundi la mapacha la iJusi, kwa niaba ya mtayarishaji wa muziki Odi Huron, karama yake inamsaidia kidogo tu. Inambidi arudie zana za uandishi wa habari, kazi aliyoifanya kabla ya dawa za kulevya kumwangusha: kuuliza, kusubiri, kudanganya.

Kudanganya hasa. Ili kulipa deni la dawa hizo, Zinzi huwatungia matapeli zile barua pepe za mirathi na mamilioni yaliyokwama benki. Ni fundi wa kazi hiyo, na ndiye huyohuyo anayetusimulia hadithi nzima, kwa nafsi ya kwanza na wakati uliopo. Mlinganishe na mpelelezi Willy Gamba wa Elvis Musiba katika riwaya ya Kufa na Kupona ya 1974. Gamba naye husimulia kwa “mimi”, ila husimulia yaliyokwisha pita. Tunajua amepona, na hatuna sababu ya kulitilia shaka neno lake. Zinzi hana kinga ya wakati uliopita. Hajui sentensi ijayo itamfikisha wapi, nasi hatujui kama tunaambiwa ukweli au tunatungiwa barua nyingine. Uhai wake kama mhusika umo humo: kila utani wake mkali tunaupima mara mbili. Na barua hizo hazikuwekwa kama pambo. Mwaliko wa Huron wenyewe una umbo lilelile, yaani fedha nyingi, kazi nyepesi na siri kidogo, na bingwa wa kutega ananaswa na mtego asioutambua.

Kati ya sura na sura Beukes hupachika nyaraka: maelezo ya filamu ya kubuni, makala ya kitaalamu, masimulizi ya wafungwa kuhusu wanyama wao. Katika riwaya za Deon Meyer, ambako Mbali Kaleni, askari mpelelezi wa Cape Town, hupigania nafasi yake miongoni mwa wanaume, ushahidi hupita mikononi mwa polisi kwanza, kisha ndipo unatufikia. Hapa jalada limetawanyika na hakuna ofisa wa kulipanga. Msomaji ndiye anayelipanga. Kwangu, hilo linasema zaidi juu ya Hillbrow na watu wasiothubutu kwenda kituoni kuliko kurasa kadhaa za maelezo.

Ni hasara basi kwamba kadiri mwisho unavyokaribia, mwendo unakuwa wa sinema. Mamba, visu na damu vinachukua nafasi ya sauti zile nyingi, na hila ya kumtilia shaka msimulizi inasahauliwa kwa sababu hakuna muda wa kutilia shaka chochote.

Baada ya hapo Beukes anafanya jambo nisilolitarajia. Haifungi hadithi kwa kesi. Anamweka Zinzi kwenye mpaka wa Beit Bridge, akielekea nchi za Maziwa Makuu kuitafuta familia ya Benoît, mpenzi wake Mkongo aliyetenganishwa na mkewe na watoto wake na vita. Aliyekataa kutafuta watu sasa ana majina manne ya kutafuta, na safari hii hakuna anayemlipa. Kimuundo ni uamuzi wa kijasiri, na unamkamilisha Zinzi. Lakini unadai kitu ambacho riwaya haikukiandaa. Benoît, mwenye safari ndefu kuliko wote, tumemsikia muda wote kupitia kinywa cha Zinzi, na sasa hata familia yake inakwenda kutafutwa bila yeye. Kwa mwandishi aliyewapa wafungwa nafasi ya kujieleza, waraka mmoja wa Benoît haungekuwa mzigo.