Wakanda na Njia Panda ya Warwick: Kazi Iliyogeuzwa Kinyago

Mwaka 2018 ulikuwa wa kumi tangu mfululizo wa filamu za Marvel uanze na Iron Man mwaka 2008. Februari ya mwaka huo ilitoka Black Panther, filamu ya kumi na nane katika mfululizo, iliyoongozwa na Ryan Coogler. Aprili ikafuata Avengers: Infinity War, ambayo vita vyake vikubwa vya mwisho vinapiganwa katika ardhi ileile ya Wakanda. Nchi iliyobuniwa na Stan Lee na Jack Kirby katika jarida la katuni mwaka 1966 ikawa gumzo la ulimwengu. Kisumu ilipata onyesho lake la mapema, kwa kuwa ndiko asili ya Lupita Nyong'o aliyeigiza Nakia. Riyadh ilifungua sinema yake tarehe 18 Aprili, baada ya marufuku ya zaidi ya miaka thelathini, na filamu iliyochaguliwa kwa uzinduzi ilikuwa hiyohiyo. Mapato yake yalivuka dola bilioni 1.3.

Wahakiki walishughulikia mengi: uzuri wa mavazi, nafasi ya wanawake, ubishi wa T'Challa na Killmonger kuhusu deni la Afrika kwa watoto wake waliochukuliwa ng'ambo. Wasomaji wa Kiswahili waliuliza pia swali la lugha, kwa kuwa Wakanda imewekwa Afrika Mashariki lakini watu wake huzungumza isiXhosa, lugha iliyoingizwa katika mfululizo kwa pendekezo la John Kani alipoigiza Mfalme T'Chaka mwaka 2016. Swali moja la kawaida kabisa liliachwa kando: katika nchi hii tajiri kuliko zote, nani anafanya kazi ya kila siku, na filamu inaionaje kazi hiyo?

Jibu la filamu limo katika hila inayoishikilia hadithi nzima. Wakanda imejificha. Mbele ya ulimwengu inajionyesha kama nchi maskini ya wakulima na wafugaji, huku nyuma ya pazia ikiwa na mji wa dhahabu unaoendeshwa kwa vibranium. Jasusi Everett Ross anapoulizwa anachojua kuhusu nchi hiyo, anataja nguo na wachungaji. Watu wa kabila la mpakani huvaa mablanketi ya Kisotho na kuchunga mifugo ili mgeni asishuku kitu. Karibu na mwisho, T'Challa anaposimama mbele ya Umoja wa Mataifa kule Vienna, mjumbe mmoja anataka kujua taifa la wakulima lina nini cha kuupa ulimwengu, naye mfalme anajibu kwa tabasamu. Watazamaji wengi hulifurahia tabasamu hilo, na furaha yao inaeleweka, maana dharau iliyozoeleka inakaribia kuaibishwa. Lakini inaaibishwa kwa njia gani? Mfalme hasemi kwamba wakulima wana cha kutoa. Anaashiria kwamba wao hawakuwa wakulima kamwe. Mchungaji, mkulima na mfumaji ni kinyago, na kinyago kikivuliwa ndipo utajiri wa kweli unaonekana.

Hapa ndipo panapofaa kuisoma filamu hiyo kutoka Durban, katika Warwick Junction. Ni njia panda kwa maana zote mbili za neno hili katika Kiswahili: mahali barabara zinapokutana, na mahali mtu anapolazimika kuamua. Treni, mabasi na teksi za abiria humwaga watu hapo kutoka Umlazi, KwaMashu na vitongoji vingine, na inakadiriwa kuwa watu 460,000 hupita kwa siku. Wingi huo haukutokea kwa bahati. Sheria za ubaguzi wa rangi ziliwazuia Waafrika kuishi katikati ya mji lakini zilihitaji mikono yao, hivyo ukingo wa mji ukawa lango la kuingizia wafanyakazi asubuhi na kuwatoa jioni. Penye lango hilo maelfu ya wachuuzi wamejijengea riziki. Wapo wanawake wanaochemsha na kuuza vichwa vya ng'ombe, wauzaji wa udongo mwekundu na chokaa, washonaji, wasukuma mikokoteni wanaoanza kazi kabla ya alfajiri, na wauzaji wa mboga katika Early Morning Market, soko lenye mizizi katika familia za Wahindi walioletwa Natal kwa mikataba ya kazi mashambani.

Warwick na Wakanda zina uhusiano wa karibu kuliko inavyodhaniwa. Wa kwanza ni wa sauti. Albamu iliyosimamiwa na Kendrick Lamar kuisindikiza filamu iliwashirikisha wasanii kadhaa wa Afrika Kusini. Miongoni mwao ni Sjava, anayeimba kwa isiZulu, na Babes Wodumo wa Lamontville, Durban, aliyeleta mdundo wa gqom katika wimbo wa Redemption. Gqom ilizaliwa katika vitongoji vya Durban, na kabla redio hazijaijali ilisambazwa na madereva wa teksi, waliopiga nyimbo mpya kwa sauti ya juu ili kuwavutia abiria. Yeyote anayejua jinsi matatu za Nairobi zilivyowatangaza vijana wasio na studio kubwa nyuma yao ataielewa njia hiyo mara moja. Teksi za Durban hukutana Warwick. Kwa hiyo sehemu ya muziki uliouzwa duniani mwaka 2018 kama sauti ya taifa lisilowahi kumhitaji mtu ilikuwa imelelewa na watu wanaoishi kwa nauli ya abiria mmojammoja.

Uhusiano wa pili ni wa mmea. Wafalme wa Wakanda hupata nguvu kwa kunywa dawa ya mmea wenye umbo la moyo, unaotunzwa na kuhani Zuri katika bustani iliyofichwa chini ya ardhi. Warwick nayo ina soko la dawa za miti, lililojengwa miaka ya 1990 juu ya vipande vya barabara kuu ya angani ambayo haikukamilishwa. Barabara iliyokusudiwa kuyapitisha magari juu ya vichwa vya watu ikawa sakafu ya magome, mizizi na majani. Neno la isiZulu kwa dawa hizo, umuthi, lina shina moja na mti wa Kiswahili, nasi pia tunaposema mitishamba hatutofautishi sana baina ya mti na tiba. Ila masharti ya maarifa katika bustani hizi mbili ni tofauti kabisa. Katika filamu mmea ni wa mtu mmoja. Killmonger anapoamuru bustani ichomwe, elimu ya karne nyingi inateketea kwa moto mmoja, ikabaki tawi aliloliiba Nakia. Juu ya daraja la Warwick maarifa yamegawanyika katika vichwa vya wanawake wengi wanaochuma, wanaokata, wanaosaga na wanaoelekeza. Maarifa ya namna hiyo hayachomeki kirahisi, kwa sababu hayana mlinzi mmoja.

Uhusiano wa tatu ni wa vazi. Kofia pana ya Malkia Ramonda, aliyeigizwa na Angela Bassett, inatokana na isicholo, kofia ya mwanamke wa Kizulu aliyeolewa. Ruth E. Carter aliitengeneza upya kwa mashine ya kuchapa maumbo, na Februari 2019 alituzwa Oscar kwa mavazi ya filamu hiyo. Ni ubunifu wa hali ya juu, nao haupunguzwi thamani kwa kukumbuka kwamba umbo hilo lina mafundi wake wa mkono.

Filamu, basi, imeazima sauti, mmea na kofia. Haikuazima soko. Kweli, mtaa wa soko upo katika mji wa dhahabu, na Hannah Beachler aliyeusanifu alistahili Oscar yake. T'Challa na Nakia wanapita humo wakizungumza mambo ya dola, huku rangi, vikapu na vyakula vikiwapamba nyuma. Hakuna bei inayotajwa wala mchuuzi anayepewa neno la maana. Mchuuzi anayefungua mlango wa kisa yuko Busan, Korea Kusini, katika soko la samaki, mwanamke ambaye Nakia anazungumza naye kwa Kikorea ili wapite kuingia kwenye kasino ya siri. Hata huko soko ni pazia la kitu kingine. Mantiki ni ileile ya wachungaji wa mpakani: ukiona mtu anafanya kazi ndogo, jua nyuma yake pamefichwa jambo kubwa zaidi.

Mantiki hii ina matokeo, na yanaonekana wazi katika suala la wakimbizi. Nakia anamsihi mfalme aufungue mpaka na kuwapokea wanaohitaji hifadhi. W'Kabi anapinga, kwa hoja kwamba wakimbizi huja na matatizo yao. Ndiyo mabishano mazito kuliko yote katika filamu, lakini pande zote mbili zinamwona mgeni kama mzigo: mmoja yuko tayari kuubeba, mwingine hayuko tayari. Hakuna anayefikiria kwamba mgeni ana mikono. Nchi inayoiona kazi ya kawaida kama kinyago haiwezi kuona mgeni angeingia humo kufanya nini.

Durban inalijua suala hili kwa undani. Kuanzia mwaka 1873 Waingereza walishusha hapo watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua, wakawekwa chini ya mikataba ya kazi Natal. Wakaitwa Wazanzibari. Waliishi King's Rest, katika eneo la Bluff, hadi miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi ilipowahamishia Chatsworth na kuwaweka katika kundi la Waasia. Leo Kiswahili kinasikika tena Durban vinywani mwa Wakongo na Warundi wanaonyoa nywele, wanaoshona na wanaolinda magari. Wameingia mjini kwa mlango wa kazi ndogo. Mlango huo si salama: Aprili 2015 mashambulizi dhidi ya Waafrika wageni yaliitikisa Durban, maduka yakaporwa na familia zikakimbilia makambini. Hoja ya W'Kabi ilikwisha kusikika mitaani miaka mitatu kabla haijatamkwa kwenye skrini. Warwick si pepo, wala njia panda haimgeuzi jirani kuwa ndugu. Lakini Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, wakimaanisha kwamba mgeni huja na kitu. Fikra hiyo huhitaji mahali pa kuonekana, na sokoni huonekana kila siku, katika kila chenji inayorudishwa.

Infinity War ilikamilisha hoja ya mwaka huo kwa namna ambayo huenda watayarishaji hawakuikusudia. Februari T'Challa aliamua kuifungua Wakanda. Tendo lake la kwanza lilikuwa kununua majengo Oakland ili yawe kituo cha msaada: ufunguzi kwa njia ya ufadhili. Aprili ngao ya nishati inayoizunguka nchi ilifunguliwa kweli, kwa amri ya mfalme mwenyewe, nao walioingia walikuwa makundi ya maadui. Dakika chache baadaye nusu ya viumbe hai wanatoweka, na T'Challa ni mmoja wao. Katika filamu mbili mpaka umefunguka kwa sadaka na kwa vita. Namna ya tatu, iliyo kongwe kuliko zote, yaani biashara, haikujaribiwa, na hasa si biashara ndogo inayowalazimu watu wasiopendana wazungumze.

Mtu anaweza kujibu kwamba filamu ya shujaa mwenye nguvu za ajabu haidaiwi hesabu za sokoni, na kwamba watazamaji weusi, baada ya miaka mingi ya kuonyeshwa umaskini wao tu, walikuwa na haki ya kuota enzi na fahari. Haki hiyo ipo. Ndoto, hata hivyo, huwafundisha watu waone nini wanapoitazama miji yao. Mwaka 2009, Durban ikijiandaa kwa Kombe la Dunia la 2010, manispaa ya eThekwini ilipendekeza maduka ya kisasa ya ghorofa mahali pa Early Morning Market. Wachuuzi walipinga mitaani na mahakamani, wakisaidiwa na mawakili na na wataalamu wa mipango miji, wakiwemo wa shirika la Asiye eTafuleni, ambalo jina lake linawaita watu mezani wazungumze. Mpango haukutekelezwa, na soko likatimiza miaka mia. Wazo lililousukuma mpango ule lilifanana na tabasamu la Vienna: kwamba mboga, mikokoteni na vichwa vya ng'ombe ni sura ya muda tu, na mji wa kweli unangoja chini yake ufunuliwe.

Bunilizi za kisayansi za Kiafrika, zikiwemo zitakazoandikwa kwa Kiswahili, zina nafasi ya kuanza mahali ambapo Wakanda haikufika. Jina lenyewe linatoa dokezo, ingawa ni sadfa ya sauti tu. Sikio la Mswahili likisikia Wakanda huenda likasikia watu wa ukanda fulani, au, kwa Kiswahili cha zamani, wale wanaokanda: unga mezani, udongo kwa chungu, mgongo wa mgonjwa. Nchi ya wakandao ingekuwa na mji wa dhahabu pia, kama inataka. Ila mjumbe wa Vienna angepouliza taifa la wakulima lina nini cha kutoa, mfalme wake angelazimika kumjibu kwa maneno, na orodha ingekuwa ndefu.