Jitu la Chuma na Mkono Uliolishika

Hadithi za watoto hudharauliwa upesi na wahakiki, na zile zionyeshwazo katika televisheni hudharauliwa zaidi. Hata hivyo, katuni ya Kijapani iitwayo Tetsujin 28-go, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1963 kutokana na hadithi ya picha aliyoianza Mitsuteru Yokoyama mwaka 1956, yastahili kupimwa kwa mizani ya fasihi. Jina hilo maana yake ni Mtu wa Chuma wa 28. Katika kisa, jitu hili liliundwa kwa siri liwe silaha ya jeshi la Japani katika Vita vya Pili vya Dunia. Vita vilipokwisha, likawa chini ya Shotaro Kaneda, mtoto wa mtaalamu aliyeshiriki kuliunda, naye hulitumia kupambana na wahalifu.

Nguvu za Tetsujin ni za ajabu, lakini halina akili wala nia. Huongozwa kwa kisanduku kidogo, na yeyote akishikaye kisanduku hicho ndiye bwana wake. Kikiibwa, jitu lile lile lililoulinda mji jana huubomoa leo, wala halijui kwamba limebadili upande. Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi ya Yokoyama. Pwani ya Waswahili nayo ina shujaa wa kimo kikubwa, Fumo Liongo. Lakini kwake nguvu na nia vilikaa katika mwili mmoja. Adui zake hawakuweza kumwazima. Iliwabidi waitafute siri ya mauti yake, mpaka mwanawe mwenyewe akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Liongo aliweza kuuawa, hakuweza kutumwa. Kwa hiyo msikilizaji wa kisa cha Liongo huogopa asife, na mtazamaji wa Tetsujin huogopa lisije likaishi katika mikono mingine.

Hofu hiyo si ya Wajapani peke yao, na ushahidi wake uko katika ufuko wa Ruvuma wa Ziwa Nyasa. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walileta ziwani meli ya chuma iliyosafirishwa kwa vipande na kuunganishwa huku Afrika. Fedha zake zilichangwa kwa nia iliyotangazwa ya kupiga vita biashara ya watumwa, nayo ikaitwa Hermann von Wissmann, kwa jina la yule aliyewapiga Abushiri na wenziwe wa pwani. Tarehe 13 Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, na ambayo baadaye ilikuwa katika wilaya ya Mbinga kabla ya wilaya ya Nyasa kuundwa. Meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades, ikaja ikaishambulia. Nahodha Mjerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Baada ya vita chuma kile kile kilielea ziwani kwa jina la King George V. Jina liligeuka na bendera ikageuka. Mtambo haukuwa na la kusema.

Mfano huu waonyesha ukweli wa katuni, na waonyesha pia upungufu wake. Katika Tetsujin, haki hurudi pale kisanduku kinaporudi mkononi mwa Shotaro. Mtoto huyu ni mwema tangu mwanzo, na wema wake hautiwi katika jaribio la kweli. Liuli haikuwa na Shotaro. Mjerumani alikishika chuma, kisha Mwingereza akakishika, na wavuvi wa ufukoni hawakumchagua huyu wala yule. Swali la nani ameshika ni zuri, lakini halitoshi. Lililobaki ni nani aliyempa idhini ya kushika, na katuni haliulizi.

Waliofuata walijaribu njia nyingine. Huko Marekani katuni hiyo ilipewa jina la Gigantor, na kisa chake kikapelekwa mbele hadi mwaka 2000. Hivyo jitu likapoteza asili yake ya vita, na pamoja nayo sababu ya kuogopwa. Mwaka 1972 Go Nagai, katika Mazinger Z, alimweka kijana Koji Kabuto ndani ya kichwa cha jitu, akairudisha nia ndani ya mwili kama ilivyokuwa kwa Liongo. Ufumbuzi huo wapendeza, kwa kuwa mwenye kuamuru sasa yumo hatarini pamoja na chuma chake. Lakini wenye nyumba zinazokanyagwa wangali chini, nao hawajaulizwa. Yokoyama alizaliwa Kobe mwaka 1934, na mji huo uliteketezwa kwa mabomu ya ndege mwaka 1945. Hapana shaka aliijua hali ya mtu aliye chini. Kazi yake ingalikuwa kubwa zaidi kama angalimpa mtu huyo sauti.