Herufi na Sikio: kutoka Mvita hadi Songea

Songea husoma kwa herufi zilizopangwa kwa ajili ya ulimi wa Unguja. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ndio ulioiteua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ikasimamia tahajia yake. Mngoni aiandikapo lugha ya mama yake huzitumia herufi hizo hizo, nazo humfaa kwa kiasi, kwani Kingoni nacho kina irabu tano. Ila Kingoni ni lugha ya toni, na kupanda na kushuka kwa sauti hakuandikwi. Mwenye lugha hakwami: sikio lake humjazia kile kilichoachwa na wino. Akwamaye ni mgeni.

Wahakiki wengi hulisahau jambo hili wanapozihukumu hati za Kiarabu za pwani. Kasra moja ilibeba i na e, dhuma moja ikabeba u na o, hata "pita" na "peta" yakafanana. Ni kasoro, naam. Lakini kasoro kwa nani? Tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840, zilikuwa vinywani mwa watu wa Mombasa. Karatasi ilikuwa ukumbusho tu. Mwalimu Sikujua alipoziandika kwa ajili ya mmisionari W. E. Taylor, mwishoni mwa karne ya 19, msomaji alikwisha kubadilika. Huyu hakuzaliwa na sauti hizo.

Tahajia ya Kilatini nayo ina mapengo yake. "Barabara" ipitwayo na magari na "barabara" yenye maana ya sawasawa huandikwa namna moja, ingawa mkazo ni mbalimbali. Paa wa porini na paa la nyumba, ambao Mvita huwatenga kwa pumzi, hawatengwi na kalamu. Hakuna alalamikaye.

Kipimo kigumu zaidi kiko jirani na Songea, huko Mbinga kwa Wamatengo. Kimatengo kina irabu saba. Kikiandikwa kwa herufi tano za Kiswahili, baadhi hulazimika kubeba sauti mbili mbili, vilevile kama kasra ya Mvita. Mtaalamu atashauri herufi mbili ziongezwe, na kwa hesabu ya sauti ana haki. Lakini jicho la Mmatengo limefunzwa kusoma shuleni, kwa Kiswahili. Alama ngeni hulisimamisha pale ambapo sikio limekwisha kupita.