Je, pesa zimeharibu uhalisi wa hip hop? Swali lililoulizwa kati ya Kitale na Bungoma

NILIKUWA nimekaa nyuma ya dereva katika matatu ya kwenda Bungoma, kituoni Kitale, nikisubiri ijae, kijana mmoja aliponigusa bega. "Mwalimu, umenisahau?" Sikuwa nimemsahau. Nilimfunza Kiswahili miaka kadhaa iliyopita katika shule moja viungani mwa mji huu, na ni yeye aliyewahi kunifanya nifute mfano wangu wa sitiari ubaoni na kuandika wake. Siku hizi ni mwanahip hop. Hurekodi katika kijumba kimoja mtaani Matisi, na ana jina la kisanii ambalo sitalitaja kwa kuwa aliniomba nisilitaje.

Hatukuwa tumefika Kiminini kabla hajalitoa lililokuwa likimkera. "Mwalimu, mabeshte wangu wanadai nimejiuza. Eti nimewacha hip hop ya ukweli. Wewe unaonaje?"

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2024, baadhi ya magunia ya mbolea ya ruzuku yalipobainika kuwa ghushi, wakati wakulima wa Trans Nzoia wakipanda mahindi, kijana huyu alitunga wimbo mkali kuhusu mbolea hiyo. Ukarushwa kutoka simu hadi simu, ukafika Kamukuywa na Kimilili. Hakupata hata ndururu. Baadaye mwenye duka moja la pembejeo akamwita, akamlipa atunge tangazo la mbegu na mbolea la kuchezwa kwenye kipaza sauti cha gari siku za soko. Akatunga, akalipwa, akalipa kodi ya nyumba. Wenzake wakamtoa kwenye kundi lao la WhatsApp usiku huohuo.

Swali lake si geni. Katika mijadala ya muziki wa vijana limeulizwa tangu enzi za kaseti, na jibu lake huwa tayari kabla ya swali kukamilika: pesa zikiingia, ukweli hutoka. Nami niliwahi kulisema hilo darasani kwa kujiamini sana. Leo nataka kulichunguza upya, kwa sababu nadhani kuna madhara ya kweli tusiyoyaona huku tukilia na madhara ya uongo.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa huu ni ukumbi wa lugha. Kiswahili kina angalau maneno matatu yanayogombania nafasi hii. Kuna uhalisi, kutokana na halisi, neno lenye asili ya Kiarabu linalobeba maana ya kitu safi kisichochanganywa, kama asali halisi au dhahabu halisi. Kuna uasili, unaotazama chimbuko: umetoka wapi, wewe ni wa nani. Halafu kuna ukweli, ambao ndio vijana huutumia: "ngoma ya ukweli", "msanii wa ukweli". Ukipima hip hop kwa neno la kwanza, imeanguka kabla ya kuanza. Huu ni muziki uliozaliwa kwa kuchanganya: kipande cha sahani hii ya santuri, mdundo wa ile, sauti ya mtu juu yake. Hauna usafi wa kupoteza. Maneno mawili yaliyobaki ndiyo yenye kazi, na nitayarudia.

Sasa historia kidogo, maana wanaolilia zama za dhahabu husahau jinsi zama hizo zilivyokuwa. Sherehe ambayo wengi huihesabu kuwa kitovu cha hip hop ilifanyika tarehe 11 Agosti, 1973, katika jumba nambari 1520 la barabara ya Sedgwick, mtaani Bronx, New York. DJ Kool Herc ndiye aliyepiga muziki. Lakini aliyeandaa sherehe ni dadake, Cindy Campbell, naye alitoza kiingilio: senti 25 kwa wasichana, senti 50 kwa wavulana, apate pesa za kununua nguo za kurudia shuleni. Yaani biashara ilikuwepo mlangoni kabla ya mtu yeyote kushika maikrofoni. Na wimbo uliowajulisha walimwengu muziki huu, "Rapper's Delight" wa mwaka 1979, uliimbwa na kundi lililokusanywa na mwenye kampuni ya kurekodi kwa nia ya kuuza. Anayesema hip hop ilikuwa ya ukweli mpaka pesa zilipoingia, anazungumzia wakati ambao haukuwahi kuwepo.

Hapa Kenya mambo hayakuwa tofauti sana. Kalamashaka walipotoka Dandora mwishoni mwa miaka ya 1990 na "Tafsiri Hii", walituthibitishia kwamba lugha ya mtaa inaweza kubeba fikra nzito, na wakafungua njia iliyokuja kupitiwa na Ukoo Flani Mau Mau. Kisha ikaja genge ya Calif Records, Clemo na Jua Cali, na ile midundo ya Ogopa iliyoitwa kapuka. Jina kapuka lilitumiwa kwa kebehi na waliojiona kuwa ndio hip hop halisi: muziki wa kuchezea tu, wa redio, wa pesa. Hata hivyo, ukisikiliza genge leo bila chuki za wakati ule, utakuta Jua Cali amejichagulia jina kutokana na mafundi wa jua kali, na lugha yake ni ya vijana wa Eastlands kama ilivyo. Ilikuwa ya soko na ya mtaa kwa pamoja. Poxi Presha, mwimbaji wa "Otonglo Time" aliyefoka kwa Kidholuo, alijulikana pia kwa vita vyake dhidi ya wanaonakili na kuuza kazi za wasanii kiharamu. Sijui nani angethubutu kumwambia kwamba kudai malipo yake kumempunguzia ukweli.

Na "Unbwogable"? Gidi Gidi Maji Maji waliuteka umma mwaka 2002 kwa neno lililofumwa kutokana na kitenzi cha Kidholuo chenye maana ya kutisha, kikavishwa vazi la Kiingereza mbele na nyuma. Wanasiasa wa NARC wakauchukua, ukawa wimbo wa kampeni nchi nzima. Mimi nilikuwa Bungoma mwaka huo, na niliwaona wazee wasiojua hata neno moja la Kidholuo wakilitamka kwa fahari. Mafanikio hayakuwadai waimbaji hao wafiche kwao.

Mfano huo ndio unaonirudisha ndani ya matatu. Kijana wangu alinitia kisikizi kimoja sikioni, akanichezea nyimbo zake za awali, zile ambazo wenzake huziita za ukweli, za kabla ya kujiuza. Nilisikiliza tatu kuanzia Kiminini hadi Kamukuywa. Mishororo imepangwa vizuri, vina vya kati na vya mwisho vinaitikiana, pumzi haikatiki. Lakini nilishangaa. Kila mtaa uliotajwa ni wa Nairobi. Kuna msongamano wa magari usiokuwepo Kitale hata siku ya mnada. Kuna jaa la taka la Dandora, na mvulana huyu hajawahi kulala Nairobi zaidi ya siku mbili. Hata matamshi alikuwa ameyabadilisha: sauti zinazomtambulisha kuwa Mbukusu alikuwa amezikwangua zote kama mtu anayekwangua rangi ya ukuta.

"Hapa ni wapi?" nikamuuliza.

"Ni mtaani, mwalimu."

"Mtaa gani?"

Akacheka, asijibu.

Kisha, kwa shingo upande, akanichezea tangazo. Msomaji, sikutarajia nilichokisikia. Mwenye duka alikuwa amemwonya kwamba wakulima wasipoelewa halipi, hivyo kijana alilazimika kuiacha Sheng ya Eastlands. Anaanza kwa mulembe. Anamtania kuka anayepanda mbegu alizoziweka tangu msimu uliopita, anamsikiliza kukhu akimjibu mumewe, anaingiza trela za mahindi zinazopanga foleni, matope ya mwezi wa nne, boda boda iliyobeba gunia na mwenye gunia. Kiswahili chake humo ni kile tunachokisikia soko la Chwele, kilichojaa Lubukusu bila kuomba radhi. Kama uasili ni kujua umetoka wapi, basi kazi yenye uasili zaidi ya msanii huyu ni ile aliyolipwa kuifanya.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaolaumu pesa kijumlajumla. Kilichowaumiza vijana wa Kitale na Bungoma, kwa maoni yangu, ni kwamba soko la muziki lina mlango mmoja, nao uko Nairobi. Vituo vikubwa vya redio viko huko, waandalizi wa matamasha wako huko, na hata sifa ya kuwa "andagraundi" hutolewa huko. Kijana wa Webuye hujifunza kuwa maskini kwa lafudhi ya Dandora, maana umaskini wa Webuye haujapewa mdundo. Kalamashaka walisema ya kwao; sisi tumeigeuza kwao ikawa sare ya shule. Wale wanaomtoa mwenzao kwenye kundi kwa kutunga tangazo nao wanavaa sare hiyo, tena bila kulipwa.

Hata hivyo, sikumpongeza moja kwa moja, kwa sababu kulikuwa na jambo alilolificha mpaka tulipopita Misikhu. Mwenye duka alikuwa ameweka sharti. Ule wimbo wa mbolea ghushi uondolewe kila mahali alipoupandisha. Si kwamba duka hilo lilitajwa, halikutajwa. "Alisema unaharibu biashara ya wote." Kijana aliufuta.

Haya sasa ndiyo madhara. Tunapozoea kusema msanii "amejiuza", tunatazama kitu alichokitoa, yaani tangazo, na kulipima kama ni chapwa au la. Ilhali tangazo lake ni zuri. Kilichonunuliwa ni kile ambacho hakitasikika tena, na hicho hakina sauti ya kuhakikiwa. Methali yetu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Waliotunga methali hii hawakufikiria mnunuzi anayekinunua kizuri ili akifungie ghalani.

Linganisha na mpiga litungu wa kwetu. Yeye pia hupewa pesa, na hakuna Mbukusu anayeona hilo kuwa aibu. Huingia kwenye sherehe, akakutaja kwa ukoo wako, akawasifu babu zako, nawe ukasimama ukamtuza. Lakini unamtuza mbele ya watu. Kila aliye pale anajua nani ametoa, ametoa kiasi gani, na kwa hiyo sifa zile azipunguze kwa kadiri gani. Baada ya muda mfupi mpiga litungu huyohuyo anaweza kumchoma mwenye nyumba kwa kijembe kuhusu busaa iliyochachuka, na watu wakaangua kicheko, mwenye nyumba naye akacheka kwa kulazimika. Malipo yako hadharani, na ulimi haujafungwa. Pwani hali ni iyo hiyo katika taarab. Na wahakiki hutukumbusha kwamba Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, ndiye aliyelitoa shairi msikitini akalileta sokoni, naye alikuwa karibu sana na watawala wa Kimazrui. Soko halikumuua Muyaka.

Mtu ataniambia kwamba mwenye pesa zake ndiye huwa na ubavu wa kusema, na atanitajia King Kaka. Ni kweli kwamba "Wajinga Nyinyi" ya Desemba 2019, iliyowakaripia wanasiasa na wapiga kura wao kwa pamoja, ilitoka kwa msanii aliyekwisha kufaulu, mwenye kampuni yake, na alipotishiwa kushtakiwa hakurudi nyuma. Nakubali. Lakini kijana wa Matisi hana kampuni. Ana kodi ya kila mwezi. Ujasiri wa kiwango hicho una gharama, na si haki kumdai mtu gharama ambayo sisi wenyewe hatujailipa.

Nasema sisi kwa kukusudia. Nimetafsiri matangazo ya biashara kwa miaka mingi ili kujaliza mshahara. Mwaka mmoja nililetewa tangazo la mikopo ambalo sentensi yake moja, ile ya riba, niliombwa niitafsiri "kwa ulaini". Niliilainisha. Kiswahili chake kilikuwa sanifu kabisa, hakina kosa la kisarufi hata moja. Nilimsimulia kijana hayo tulipokuwa tukiacha Webuye nyuma, akanitazama kama ambaye hajawahi kunitazama.

"Kwa hivyo sote tumejiuza?"

Nikamwambia wewe hukujiuza ulipotunga tangazo, na hao mabeshte wako wamekuonea. Ila wimbo ule wa mbolea ulikosea kuufuta, na mimi nilikosea katika ile sentensi ya riba, na makosa haya mawili yanafanana kuliko tunavyopenda. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba bado anao kwenye simu ya dadake, ule wa zamani, wenye majina ya mitaa ya Nairobi. "Lakini ule siwezi kuupandisha tena hivyo, mwalimu. Mbolea ilikuwa ya huku. Lazima niuimbe upya na maneno ya huku."

"Na mwenye duka?"

"Nitamrudishia nusu. Nusu ingine nishakula."

Alishuka Kanduyi, mkoba begani, akasimama kando ya barabara akibofya simu. Matatu ilipoondoka nilimwona akiiweka sikioni na kuanza kuzungumza, kwa Lubukusu, kwa sauti kubwa.