Ukumbusho ukutani: picha za Shaba na furaha ya nyumbani

Tangu miaka ya 1970, uhakiki wa picha zilizochorwa kwa ajili ya wakaaji wa miji ya Shaba, ambayo mwaka 1997 ilirudia jina la Katanga, umeegemea neno moja: ukumbusho. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian walilifanya nguzo ya makala yao ya mwaka 1976. Hawakulibuni. Walilipokea vinywani mwa wachoraji na wa watu waliozinunua picha hizo na kuzitundika katika saloni zao. Baadaye neno likasafiri kutoka kitabu hadi kitabu, na katika safari hiyo likapungukiwa na sehemu ya maana yake.

Upungufu huo waonekana katika namna linavyofasiriwa. Wahakiki wengi hulifasiri kama kumbukumbu, na kumbukumbu nayo huielewa kama kumbukumbu ya mateso. Ushahidi haukosekani. Picha iitwayo Colonie belge, inayomwonyesha mfungwa akichapwa fimbo mbele ya afisa Mzungu, ilichorwa mara nyingi mno. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947 na ambaye habari zake zilipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, alimchorea Fabian historia ya nchi katika picha zipatazo mia moja, nazo zimejaa vita, vifungo na mauaji. Mazungumzo yao ya Kiswahili yalitolewa kitabuni mwaka 1996 chini ya jina Remembering the Present, na kitabu hicho kikawa mlango ambao wanafunzi wengi huupitia kuingia katika uwanja huu. Haishangazi basi kwamba wanapotoka humo hudhani saloni ya mfanyakazi ilikuwa mahali pa maombolezo.

Sarufi yenyewe inapinga dhana hiyo. Ukumbusho haukutokana na kukumbuka bali na kukumbusha, kitenzi cha kusababisha. Mtu aweza kukumbuka peke yake, gizani, bila kufumbua kinywa. Kukumbusha kunadai wawili: anayekumbusha na anayekumbushwa. Picha haiwezi kusema, kwa hiyo yupo lazima mtu wa kuisemea: baba anayeeleza, mama anayemkatiza, mgeni anayesema kwamba kwao mambo hayakuwa hivyo, mtoto anayeuliza kwa nini yule askari hana viatu. Wachoraji waliuza kitambaa na rangi. Wanunuzi walinunua sababu ya kuzungumza jioni.

Ni lazima kusema hapa kwamba Fabian mwenyewe aliliona jambo hili kwa kiasi kikubwa. Alijua kwamba picha huchokoza masimulizi, na mbinu yake yote ilitegemea hilo. Lakini mzungumzaji wa Tshibumba alikuwa profesa mwenye kinasa sauti, si jirani aliyekuja Jumapili mchana, na mazungumzo ya kazi hayalingani na mazungumzo ya mapumziko. Bogumil Jewsiewicki aliisogelea saloni zaidi. Hata hivyo, yeye pia alivutwa na swali la historia na siasa kuliko swali jepesi ambalo kila mwenye nyumba angeliweka kwanza: picha hii yapendeza wapi, ukuta huu au ule?

Swali hilo si dogo, kwa sababu saloni yenyewe ilitegemea mshahara. Union Minière, na baada yake Gécamines, ilimpa mfanyakazi nyumba, posho, hospitali na shule ya watoto. Ilimpa hata starehe: ukumbi wa burudani, kiwanja cha mpira, na kwa wake, foyer social ambamo walifundishwa ushonaji na utunzaji wa nyumba. Starehe hizo zilikuwa na kamba ndani yake. Komponi ilitaka mume aliyetulia na mke asiyemsumbua, ili zamu ya alfajiri isikose mtu. Donatien Dibwe dia Mwembu ameyaeleza haya kwa upana katika kitabu chake cha mwaka 2001, Bana Shaba abandonnés par leur père. Baba anayetajwa katika jina hilo ni kampuni pia, si mzazi peke yake.

Kisha baba akaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, mwaka 1991 ukaja uporaji, miaka ya 1992 na 1993 maelfu ya Wakasai walifukuzwa, na mwaka 1994 shaba iliyopatikana haikufika tani 40,000. Mishahara ilichelewa kwa miezi, halafu kwa miaka. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, ukaanza mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na watu zaidi ya 10,000 walitoka kazini wakiwa na fidia ya mara moja. Hiari ya mtu ambaye hajalipwa muda mrefu ni neno lingine linalohitaji mwanaisimu.

Hapa Dibwe anastahili sifa na pingamizi pia. Sifa, kwa kuwa alionyesha jinsi wanawake na watoto walivyoibeba nyumba na jinsi amri ya baba ilivyopungua pale mkewe alipoanza kuuzisha. Pingamizi, kwa kuwa sitiari ya baba aliyewaacha wanawe yaielekeza familia nzima katika ukosefu. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, kazi ni ile yenye mshahara. Mtu aliyelima mahindi tangu asubuhi hadi jua kali aweza kusema jioni kwamba hana kazi. Mhakiki anapolifuata neno hilo bila kulichunguza, haoni tena kinachotendeka. Ushonaji uliofundishwa ili kupitisha wakati ukawa mboga ya siku. Bustani ya kujifurahisha nyuma ya nyumba ikaongezwa na shamba kando ya mji. Furaha ilibaki ndani ya shughuli hizo, imechanganyika na haja: watu wanaopalilia pamoja huzungumza, na mashabiki wa Mazembe na wa Lupopo hawakungoja malipo ya mwisho wa mwezi ili wabishane.

Picha moja yalithibitisha hili kuliko Colonie belge, nayo ni Mamba Muntu. Katika miaka ya 1970 ilipendwa sana nyumbani mwa watu. Ni mwanamke mzuri, nusu samaki, ameketi ukingoni mwa maji, mara nyingi na nyoka mwilini. Humtajirisha mwanamume anayetunza siri yake, lakini ana wivu. Atakayetajirishwa naye hana budi kuwasahau mke na watoto. Wahakiki wameisoma kama picha ya tamaa, ya mji, ya utajiri wa ghafla. Wachache wamejiuliza kwa nini mwanamume mwenye mshahara aitundike mbele ya macho ya mke huyohuyo na watoto haohao. Siri iliyotundikwa ukutani si siri tena. Mke aliyemimina chai chini ya Mamba Muntu alikuwa na nafasi ya kumtania mumewe kuhusu mwanamke yule mwingine, na mume alikuwa na nafasi ya kujibu kwamba fedha zake zote, kama anavyoona, ziko mezani. Watoto walisikiliza, wakacheka mahali pasipotakiwa, wakatumwa nje.

Mamba Muntu na komponi zilifanana katika sharti: zote mbili zilitoa mali na kumdai mwanamume mzima. Familia zilizoketi chini ya picha ile zilikuwa zikizungumzia bei ya mshahara miaka mingi kabla mshahara haujakatika, nazo zilifanya hivyo kwa mizaha, baada ya chakula, mlango ukiwa wazi kwa jirani.