Wanaosikiliza Msitu wa Pande

Sisi wa Mbezi Beach tukisikia kuna mnyama mpya kagunduliwa, mawazo hukimbilia Kongo. Kumbe upande wa Mabwepande, katika Pori la Akiba Pande, yupo komba wa Rondo, ambaye wanasayansi walimpa jina lake miaka ya 1990 tu. Ana uzito wa gramu 60 hivi na mkia kama brashi ya kusafishia chupa. Kilichomtofautisha na komba wenzake ni sauti zaidi ya sura.

Nawapongeza kwa dhati watu wa kazi hii: watafiti, askari wa wanyamapori, na wenyeji wanaowaongoza usiku, wakisimama kimya chini ya miti kurekodi mlio mmoja baada ya mwingine. Hao wa mwisho hutajwa kwa nadra, nami naona ni dhuluma. Kule Rungwe, wawindaji ndio waliomtaja kipunji kabla kima huyo hajatangazwa duniani mwaka 2005. Kazi hii hudai subira kwingine pia: minde, yule paa mkubwa wa milima yetu, hakupigwa picha porini hadi 2003, kamera ilipotegwa Udzungwa.

Komba wa Rondo alipokuwa akidhaniwa komba wa kawaida, hakuna aliyehofia hatima yake. Alipopata jina ikajulikana kwamba amebaki kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani, Pugu na Pande vikiwemo. Kwa hiyo gunia la mkaa likitoka Pande, limetoka na makazi ya komba huyo. Walinzi wa pori hilo wanastahili vitendea kazi vya kutosha, na sisi majirani tuwaunge mkono.