Mwanya Kati ya Skroli Mbili: Namna ya Kuipima Kompresa ya Kiyoyozi

Anayenunua kiyoyozi kikubwa cha ofisi, hoteli au ukumbi kwa kawaida huuliza mambo matatu: kampuni gani, bei gani, na BTU ngapi. Ni maswali ya haki, lakini hakuna hata moja linalomfikisha kwenye moyo wa mashine, yaani kompresa. Katika kompresa ya aina ya skroli, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya viyoyozi vingi vya ukubwa wa kati, karibu ubora wote umekaa mahali pamoja: kwenye mwanya mdogo ulio kati ya vyuma viwili. Kiwanda hulipwa ili kuufanya mwanya huo uwe mdogo, na fundi hulipwa ili aulinde. Kwa hiyo kila kinachokaguliwa, tangu kibao cha taarifa hadi siku ya kuwasha, kikaguliwe kwa swali moja: je, kinautunza mwanya huu au kinauharibu?

Ndani ya ganda la chuma kuna skroli mbili. Kila moja ni bamba la duara lenye ukuta uliosimama juu yake, ukuta uliojiviringa kutoka katikati kwenda nje, kama mkeka uliokunjwa ukiutazama kwa upande wa ncha. Skroli moja imefungwa, haisogei. Ya pili imepinduliwa na kuingizwa ndani ya ya kwanza, kuta zikipishana, nayo husukumwa na ekseli ya mota ambayo ncha yake imewekwa pembeni kidogo ya kitovu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: skroli hii ya pili haijizungushi. Hupita katika duara dogo huku ikiwa imeelekea upande uleule muda wote, na kipande kiitwacho pete ya Oldham, chenye meno yanayoteleza ndani ya mifereji, ndicho kinachoizuia isigeuke. Kwa mwendo huo kuta mbili hukutana katika mistari, na kati ya mistari hiyo hubaki vijumba vya gesi vyenye umbo la hilali. Gesi huingia kwenye vijumba vya nje. Kila mzunguko huvisogeza kuelekea katikati, vikipungua huku gesi ikibanwa, hadi itoke kwenye tundu la katikati ikiwa na shinikizo kubwa na joto kali. Kijumba cha nje kinapojaa, cha kati kinabana na cha ndani kinatoa, kwa hiyo mtiririko wake hauna kishindo. Katika kompresa ya pistoni, pistoni ikifika juu huacha gesi kidogo iliyobanwa kwenye kichwa cha silinda, na gesi hiyo hutanuka tena na kuinyima gesi mpya nafasi. Skroli haina hasara hiyo, wala haihitaji vali ya kuvuta.

Faida hiyo ina masharti yake. Ndani ya skroli, gesi huzuiwa isirudi nyuma hasa na kukaribiana kwa vyuma vyenyewe na utando mwembamba wa oili. Gesi inaweza kuponyoka kwa njia mbili: pembeni, ukuta unapokutana na ukuta, na juu, ncha ya ukuta inapokutana na bamba la mwenzake. Nafasi hizo hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Zikipanuka, kompresa huendelea kunguruma na mita ya umeme huendelea kusoma, ila gesi ileile inabanwa, inavuja kurudi, na kubanwa tena. Chumba kinachelewa kupoa, na hakuna kilichovunjika ambacho mtu anaweza kukionyesha kwa kidole.

Historia inathibitisha uzito wa jambo hili. Mfaransa Léon Creux alipata hataza ya wazo la skroli nchini Marekani mwaka 1905. Umbo lake lilikuwa sahihi, lakini viwanda vya wakati ule havikuwa na mashine za kukata chuma kilichopinda hivyo kwa usahihi uliotakiwa, na wazo likalala kwa miongo kadhaa. Ilibidi zije mashine za kukata zinazoongozwa na kompyuta ndipo Hitachi ilipoingiza kompresa ya skroli kwenye viyoyozi vya majengo mwaka 1983, na Copeland ya Marekani ikafuata mwaka 1987. Hata hapo usahihi wa kukata haukutosha peke yake. Katika miundo mingi bora skroli imeachiwa nafasi ya kusogea kidogo: shinikizo la gesi huibana dhidi ya mwenzake, na ikitokea gesi imeingia ikiwa majimaji, au kipande cha uchafu kimepita, skroli huachana kwa kitambo kisha zikarudiana. Katika saa za mwanzo za kazi nyuso zake husuguana hadi zikaoana vizuri zaidi. Kompresa ya namna hii ikitunzwa inaweza kuboreka kidogo baada ya kuanza kazi, sifa ambayo ni adimu katika mitambo.

Ukaguzi basi uanzie kwenye kibao kilichobandikwa juu ya ganda. Macho ya wengi hukimbilia nguvu farasi. Ya kwako yatafute hezi. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50. Kompresa iliyoundwa kwa hezi 60 ikiunganishwa kwetu, mota yake huenda kwa sehemu tano kati ya sita za mwendo wake, na ubaridi hupungua kwa kiasi kama hicho, hata kama volti zinalingana. Baada ya hezi, soma aina ya gesi na aina ya oili, kwa sababu kompresa ya R22 iliyojazwa oili ya madini haikuundwa kwa R410A. Kisha fikiria hali ya hewa. Umbo la skroli limekwisha kuamua ni kwa kiasi gani gesi itabanwa kabla ya tundu la katikati kufunguka, na kiasi hicho hakibadiliki. Dar es Salaam, nje kukiwa na nyuzi 32 za sentigredi, gesi ya R410A inaweza kugeuka majimaji kwenye nyuzi 45 hivi, na kompresa ikawa inapandisha shinikizo karibu mara 2.8. Muscat, nje kukiwa na nyuzi 46, hesabu hiyohiyo inakaribia mara 4. Ndiyo sababu viwango vya kimataifa hutofautisha mashine za T1, zinazopimwa kwa nyuzi 35, na za T3, zinazopimwa kwa nyuzi 46. Ndugu walioko Oman na Ghuba wasikubali T1 kwa sababu ya bei, na sisi wa pwani hatuna haja ya kuilipia T3 isipokuwa mashine ya nje inakaa juu ya paa la bati au kwenye kona isiyo na upepo.

Ganda lenyewe pia lina ushahidi. Mshono wa kiwandani ni mstari mmoja, unene uleule pande zote, na rangi imepita juu yake bila kukatika. Mshono wenye vinundu, au rangi mpya upande mmoja tu, ni dalili ya kompresa iliyokatwa, ikafungwa mota nyingine na kuchomelewa upya. Kompresa mpya huja na vizibo vya mpira kwenye midomo yake na hewa kavu ndani, na kizibo kikivutwa lazima isikike ikipumua. Isipopumua, mdomo ulikuwa wazi kwa muda usiojulikana, na oili ya kisasa ya POE hunywa unyevu wa hewani haraka mno, hasa hewa ya Mombasa au Unguja.

Baada ya hapo mzigo wote uko mikononi mwa fundi, na hapa ndipo kompresa nyingi nzuri zinapouawa. Bomba la shaba linapochomelewa bila naitrojeni kupita ndani yake, moto huunda magamba meusi kwenye ukuta wa ndani. Mwombe fundi akate kipande cha bomba alichokichomelea, akipasue kwa urefu, ukitazame juani. Kazi safi inaonyesha shaba nyekundu inayong'aa hadi kwenye kiungo. Kazi chafu inaonyesha weusi unaobanduka kwa ukucha, na vumbi hilo jeusi ndilo litakalosafiri na gesi hadi kwenye mwanya wa mikroni chache tulioulipia. Kwangu kipande hicho kina maana kuliko cheti chochote kilichotundikwa ukutani mwa karakana.

Jambo la pili ni vakyumu. Hewa ya kawaida ina shinikizo la mikroni 760,000 za zebaki. Mfumo wa kiyoyozi unatakiwa ushushwe hadi 500 au chini yake. Geji za kawaida, zile za saa ya bluu na nyekundu, haziwezi kuonyesha tofauti hiyo: mshale wake hufika mwisho na kutulia hapohapo, iwe zimebaki mikroni 500 au 5,000. Inahitajika geji maalumu ya vakyumu, na fundi asiye nayo anakisia tu. Pampu ikizimwa na vali kufungwa, tazama namba. Ikipanda kidogo ikatulia chini ya 1,000, mfumo umekauka. Ikipanda hadi elfu kadhaa kisha ikasimama, kuna maji ndani yanayogeuka mvuke. Ikipanda bila kusimama, pameachwa tundu. Maji yakikutana na oili ya POE hufanya asidi, na asidi hula varnishi ya nyaya za mota polepole, mpaka siku moja fyuzi inaruka na lawama zote zinaangukia umeme. Onyo moja tu juu ya hili: asiwepo fundi wa kutumia kompresa yenyewe kama pampu ya vakyumu, kwa sababu cheche zinaweza kuruka kwenye vituo vyake vya umeme na kuiua palepale.

Wengi husema kompresa nzuri ni ile isiyosikika. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Skroli nzima inaweza kugonga kidogo inapoanza, skroli zikijipanga, kisha ikatoa mngurumo mmoja usiopandapanda. Na ikizimwa inaweza kutoa sauti fupi ya kurudi nyuma, gesi ikitanuka. Hizo zote ni sauti za afya. Ya kuogopa ni mlio mkali unaoendelea huku shinikizo kwenye geji likiwa halibadiliki na ampea zikiwa chini kuliko za kwenye kibao: kompresa inazunguka kinyume. Kwa umeme wa njia tatu, dawa ni kubadilishana nyaya mbili kati ya tatu. Kwa umeme wa njia moja, hali hiyo huweza kutokea umeme unapokatika na kurudi papo hapo, gesi ikiwa bado inaisukuma skroli nyuma; kwa sababu hiyo kifaa cha kuchelewesha kuwaka kwa dakika 3 hadi 5 ni cha lazima kwenye miji yetu. Kisha pima joto la bomba la kutolea, sentimita 15 hivi kutoka kwenye kompresa. Likikaribia nyuzi 107, oili ndani inaanza kuharibika, na utando wake ndio unaoziba mwanya. Usipime kwa kiganja. Sehemu ya juu ya kompresa hizi inaunguza.

Atakuja mtu aseme chapa inayoaminika inatosha, kwa kuwa kiwanda kimekwisha kupima yote haya. Kiwanda kimepima mwanya kilioutengeneza. Hakikupima bomba lililochomelewa juzi Kariakoo wala unyevu ulioingia kwa kizibo kuachwa wazi. Chapa nzuri ni mwanzo mwema, lakini dhamana nyingi huanguka pale mtengenezaji anapofungua kompresa iliyokufa na kukuta magamba ya shaba au asidi. Mwingine atasema pistoni ni bora kwetu kwa sababu hufunguliwa na kukarabatiwa. Hoja hii ni nzito kwa vyumba vya baridi na viwanda vya barafu, ambako kompresa za pistoni zenye boliti bado zina heshima yake. Kwenye kiyoyozi, hata hivyo, pistoni nyingi nazo zimo ndani ya ganda lililochomelewa, na skroli inavumilia majimaji yanayorudi kuliko vali za pistoni. Kwamba skroli haifunguliwi kunaongeza thamani ya ukaguzi wa siku ya kwanza, kwa sababu nafasi ya pili haipo. Kuhusu inveta, yaani kifaa cha kubadilisha mwendo wa mota, inapunguza mwendo na hivyo kuokoa umeme, lakini mwanya ni uleule. Skroli iliyochakaa inavuja zaidi, kwa uwiano, inapokwenda polepole.

Na kiyoyozi kidogo cha chumbani cha BTU 9,000 au 12,000? Hicho kwa kawaida hakina skroli. Kina kompresa ya rotari. Muuzaji anayekuongezea bei ya chumba kimoja cha kulala kwa jina la skroli akuonyeshe kwanza maandishi ya mtengenezaji.

Kwa mradi mkubwa, andika kwenye mkataba kabla kazi haijaanza kwamba malipo ya mwisho yatatolewa fundi akishakabidhi karatasi yenye namba tatu zilizosomwa mbele yako: mikroni baada ya vali kufungwa, ampea za kompresa ikiwa inafanya kazi, na joto la bomba la kutolea. Ihifadhi karatasi hiyo pamoja na kipande cha bomba kilichopasuliwa. Mwakani kiyoyozi kikianza kuchelewa kupoza, mwambie fundi apime upya namba mbili za mwisho na kuzilinganisha na hizo za mwanzo kabla hajagusa chupa ya gesi.